Ziara ya miguu Mji Mkongwe, nyumbani kwa Tippu Tip

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya Kongo.

Mimi ni Mmanyema wa Ujiji, asili yetu Manyema, mashariki ya Kongo. Wazee wetu walivuka ziwa na misafara ya watu kama Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndiye Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, wengine wakibeba pembe, wengine wakiwa wamefungwa. Kwa hiyo mtembeza wageni nilimwambia mapema: nipeleke Shangani kwa Tippu Tip, na usinifiche kitu.

Kijana anaijua kazi. Mbele ya ule mlango wa nakshi alianza na utumwa, kabla hata ya kutaja utajiri wa pembe. Ndani wanaishi watu, ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe zimechakaa, nguo zimeanikwa. Alipiga hodi, akasubiri, akamwamkia mama mwenyeji shikamoo, ndipo tukaingia hadi ukumbini, basi. Heshima ile ilinigusa sana.

Lakini siasa aliipita mbio. "Baadaye akawa gavana Kongo," kisha tukahamia mlango mwingine. Jamani! Februari 1887, hapahapa Unguja, mvumbuzi Henry Stanley alimpa mkataba wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyekuwa akiitawala Kongo: awe wali, yaani gavana, wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, mshahara pauni 30 kwa mwezi, apandishe bendera ya Leopold na azuie biashara ya watumwa. Mfanyabiashara wa watumwa ndiye akabidhiwe kuizuia! Naye alikubali kwa kuwa Wazungu walikuwa wakigawana bara, na Sultani Barghash wa Zanzibar hakuwa tena na ubavu wa kumlinda huko. Yeye na Stanley wakapanda meli, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka mdomo wa Mto Kongo.

Kwetu sisi hapo ndipo penye uzito. Tippu Tip alishakuwa amerudi Unguja vita vya Wabelgiji na Waarabu wa Kongo vilipoanza. Mwaka 1893 Kasongo, mji wa Manyema, ikatekwa, na mwanawe Sefu akauawa. Watu wa Manyema walikufa pande zote mbili. Huwezi kuieleza nyumba ile, ambayo mwenyewe wake alifariki mjini humu mwaka 1905, ukaiacha habari hiyo.

Nilipomweleza yule kijana alisikiliza vizuri na akauliza maswali ya maana. Ukimkodi, mwambie kabla hamjaondoka kwamba unataka habari ya Stanley Falls yote. Nendeni asubuhi, msipige picha za ndani bila ruhusa, na mwachieni mwenye nyumba chochote.