beIN Sports: tathmini ya mtazamaji wa Maskati

Nyumbani kwetu Seeb, nje kidogo ya jiji la Maskati, kadi ya chaneli hizi imo ndani ya kisimbuzi tangu zilipokuwa bado zinaitwa Al Jazeera Sport. Nimezitazama zikikua, zikibadilisha jina na rangi, zikifungiwa katika nchi jirani na kufunguliwa tena, na zikipeleka nembo yao hadi Paris, Miami, Istanbul na Sydney. Tathmini nyingi za huduma ya aina hii huhesabu idadi ya ligi na bei ya kifurushi, kisha huishia hapo. Mimi ninataka kupima jambo jingine: kituo cha michezo kinapotanuka kutoka mji mmoja wa Ghuba hadi mabara matano, mtu anayekilipia anapata nini hasa? Maoni yangu ni kwamba anapata huduma isiyo na mfano pale ambapo kituo kilijenga sauti yake, na anapata huduma ya kawaida tu pale kilipokwenda na fedha za kununua haki za matangazo bila ya sauti hiyo.

Al Jazeera Sport ilianza Doha, mji mkuu wa Qatar, mwaka 2003. Hatua iliyoifanya kuwa kubwa ilikuja Novemba 2009, iliponunua chaneli za michezo za ART, mtandao wa televisheni ya kulipia wa Kiarabu, na pamoja nazo haki za Kombe la Dunia la mwaka 2010 na 2014 kwa nchi za Kiarabu. Ni haki kusema kwamba ART ndiyo iliyotangulia kulifunga Kombe la Dunia nyuma ya kadi ya malipo, kwa hiyo wanaodai kwamba Qatar ndiyo iliyotunyima mpira wa bure wanasahau jinsi hali ilivyokuwa mwaka 2006. Mechi ya ufunguzi ya mwaka 2010 kule Afrika Kusini ilivurugwa makusudi katika setilaiti, na picha ikakatika mbele ya mamilioni ya watu. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2013, Qatar ilirusha setilaiti yake yenyewe, Es'hail 1. Mtazamaji wa kawaida haoni uhusiano kati ya setilaiti na goli, lakini sisi tunaotegemea dishi juu ya paa tunaujua vizuri sana.

Jina la beIN lilianzia Ufaransa, Juni 2012, siku chache kabla ya mashindano ya Euro, kwa bei ya euro 11 kwa mwezi. Kwa Wafaransa waliozoea bei za televisheni ya kulipia ya Canal+, hiyo ilikuwa bei ya kushangaza, na ilipata wateja wengi kwa haraka. Agosti ya mwaka huohuo chaneli zikafunguliwa Marekani, kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Januari 2014 Al Jazeera Sport nayo ikachukua jina hilo hilo, na kampuni mpya ya beIN Media Group ikasimama peke yake chini ya uenyekiti wa Nasser Al-Khelaifi, aliyekuwa mchezaji wa tenisi na ambaye tangu 2011 ni rais wa Paris Saint-Germain. Baadaye zikafuata Australia, Hispania na Uturuki, ambako ililinunua shirika zima la televisheni ya kulipia la Digiturk, na Januari 2017 chaneli za Lig TV zilizopendwa sana na Waturuki zikageuzwa kuwa beIN.

Tukiitazama ramani hiyo kwa haraka tunaweza kudhani kwamba kila mahali mambo yalikwenda sawasawa. Hayakwenda hivyo. Marekani, nguzo ya beIN ilikuwa ligi ya Hispania, yaani Messi na Ronaldo; lakini mwaka 2018 wasambazaji wakubwa, wakiwamo Comcast na DirecTV, waliziondoa chaneli zake katika vifurushi vyao, na mwaka 2021 ligi yenyewe ikahamia ESPN. Hispania, iliingia mwaka 2015 ikishirikiana na Mediapro, kampuni ya matangazo ya huko, na leo chaneli hiyo haipo tena. Ufaransa imebaki, lakini tangu 2020 inauzwa kupitia Canal+, mpinzani wake wa zamani. Ndugu zetu walioko Paris na Marseille wanaoitumia wanaiona kama chaneli nzuri miongoni mwa chaneli nyingine nzuri. Hakuna anayeizungumzia kama jambo la nyumbani, kwa sababu mechi zikihama, hakuna kinachombakiza mtazamaji.

Huku kwetu hali ni tofauti kabisa, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda. Usiku wa mechi kubwa katika mikahawa ya Matrah, watu hawaulizani mechi iko chaneli gani, wanaulizana nani anatangaza. Wapo wanaomtaka Mtunisia Issam Chaouali, ambaye anaweza kuacha mpira ukiwa katikati ya uwanja akaingia katika historia ya mji unaochezewa, kisha akarudi kwa sauti ya juu wakati hasa mshambuliaji anapoingia eneo la hatari. Wapo wanaomtaka Hafid Derradji wa Algeria, na wapo wanaomshikilia Raouf Khelif. Watangazaji hawa wanatumia Kiarabu fasaha kinachoeleweka kutoka Nouakchott hadi Maskati, lakini kila mmoja anabeba lafudhi na mapenzi ya kwao, na shirika limekuwa na hekima ya kutowafanya wafanane. Hiki ndicho kitu ambacho fedha pekee haziwezi kununua. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kukijenga, na ndicho kilichoifanya beIN kuwa sehemu ya maisha ya watu badala ya kuwa mlango wa kupitia tu.

Matangazo ya Kiingereza kutoka Doha nayo ni ya kiwango cha juu. Kuanzia 2013 studio hiyo iliwategemea kwa miaka mingi Richard Keys na Andy Gray, waliokuwa sura za televisheni ya Sky nchini Uingereza hadi Januari 2011. Uchambuzi wao wa Ligi Kuu ya Uingereza ulikuwa wa watu waliokaa na mchezo kwa muda mrefu, ingawa kwa masikio yangu ulizeeka, na ningependa kusikia zaidi sauti za Waafrika wanaoifahamu ligi hiyo kwa kuicheza. Picha ni safi, kamera za studio hazimchoshi mtazamaji, na mpangilio wa siku ya Jumamosi, ambapo mechi kadhaa huendeshwa sambamba kwenye chaneli tofauti, ni mpangilio bora kuliko mwingine wowote niliowahi kuutumia.

Kwa wasiotaka dishi, kuna huduma ya mtandaoni ya TOD, iliyoanzishwa mwaka 2022. Ninaipendekeza kwa mtu anayeishi peke yake au anayesafiri, kwa kuwa haimfungi na chuma cha ukutani. Kwa familia inayotazama pamoja ninapendekeza dishi bado, kwa sababu matangazo ya intaneti kwa asili yake huja nyuma ya yale ya setilaiti kwa sekunde kadhaa, na katika mtaa wetu wenye nyumba zilizosogeleana, sekunde hizo zinatosha kusikia kelele za jirani kabla ya goli kuingia kwako.

Siwezi kuitathmini huduma hii bila ya kuugusa uharamia uliotaka kuiua. Juni 2017 Saudia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar, na miezi miwili baadaye likazuka jambo lililoitwa beoutQ: chaneli 10 zilizochukua picha za beIN kama zilivyo, zikaweka nembo yao juu, na kuziuza kwa visimbuzi vilivyosambaa katika Ghuba nzima. Mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia la 2018, Urusi dhidi ya Saudia, ilionyeshwa humo. Matangazo hayo ya setilaiti yalikoma Agosti 2019. Juni 2020 jopo la Shirika la Biashara Duniani liliamua kwamba Saudia haikuchukua hatua za kijinai zilizopasa dhidi ya waendeshaji wa beoutQ. Mwezi uliofuata Saudia ikaifutia beIN leseni moja kwa moja, kisha Oktoba 2021 marufuku ikaondolewa, katika siku zilezile ambazo ununuzi wa klabu ya Newcastle United na mfuko wa uwekezaji wa Saudia ulikamilika.

Nayataja haya kwa sababu na sisi tulikuwamo. Duka moja la mtaani, ambalo sitalitaja, lilimuuzia ami yangu kisimbuzi kisicho na leseni kwa ahadi ya kuona kila kitu maisha yote. Kilidumu kwa msimu mmoja, kikanyamaza katika wiki ya mwisho ya ligi, na duka lenyewe likawa limekwisha kuhama. Tangu hapo ami hataki kusikia habari za kadi za bei nafuu. Ninawaelewa wanaovutwa na vitu hivyo, maana kifurushi kamili ni mzigo kwa kibarua anayetuma fedha nyumbani Pemba au Tanga, na ninaamini beIN ina wajibu wa kuwafikiria watu hao kwa kifurushi chenye mechi chache za wiki na bei yenye huruma. Kumwachia mtu wa kipato kidogo njia mbili tu, yaani yote au wizi, ni kosa la kibiashara na ni kosa la kiutu pia. Wakati wa Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 baadhi ya mechi zilirushwa kwenye chaneli ya wazi, na mikahawa yetu ilijaa watu ambao kwa kawaida husikiliza matokeo tu. Kwa nini jambo hilo lisubiri miaka minne?

Kuna upungufu mwingine ambao unatuhusu sisi Waswahili peke yetu, na sijaona anayeuandika. Eneo la haki za matangazo la beIN kwa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini linaziingiza Somalia na Djibouti, lakini Kenya na Tanzania zinabaki katika eneo la SuperSport ya Afrika Kusini. Maana yake ni kwamba mpaka wa matangazo unaikata pwani yetu katikati: Barawa iko upande wa Doha, Lamu iko upande wa Johannesburg, na Maskati, yenye maelfu ya familia zinazozungumza Kiswahili mezani, iko upande wa Doha. Ligi Kuu ya Tanzania haimo kabisa katika ulimwengu wa beIN. Ligi hiyo ni ya Azam, iliyosaini na shirikisho la soka la Tanzania, TFF, mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na inatangazwa kwa Kiswahili kizuri ambacho wazee wetu hapa wanakitamani. Kwa hiyo Simba na Yanga wanatufikia kupitia kadi yetu pale tu wanapokutana na Waarabu katika mashindano ya CAF, na hapo huja kwa Kiarabu, wakielezwa kama wageni.

Sidai kwamba beIN ifungue chaneli nzima ya Kiswahili kesho. Ninachosema ni kwamba shirika linalojua thamani ya lugha kuliko washindani wake wote, ambalo lilishinda nyumbani kwa sababu liliwapa Waarabu watangazaji wao, lina kila sababu ya kuongeza njia ya pili ya sauti, ya Kiswahili, kwa mechi za klabu za Afrika Mashariki. Mitambo ya kubadilisha lugha kwa kubonyeza kitufe ipo tayari. Watangazaji wapo Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar. Wasikilizaji wapo kuanzia hapa hadi Dubai.

Usiku wa tarehe 3 Juni 2023 Yanga walikuwa Algiers, mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger, wakiwa wamefungwa 2-1 nyumbani. Sebule ya ami ilijaa. Tulizima sauti ya televisheni, tukaweka simu mezani na kufungua redio ya nyumbani kupitia intaneti, ili tuisikie mechi kwa Kiswahili. Redio ilikuwa inachelewa. Mapema mchezoni Yanga wakapata penalti, Djuma Shabani akaupiga mpira, nyavu zikatikisika mbele ya macho yetu, na vijana wakaruka. Ami akanyanyua mkono akatutaka tukae. Redio ilikuwa bado inaeleza jinsi Shabani anavyouweka mpira chini, na yeye akafumba macho, akasubiri goli limfikie.