Riwaya za uchawi wenye kanuni: ipi ununue kwanza Nairobi

Katika riwaya ya uchawi mimi hutafuta gharama kwanza. Mhusika akiinua mkono na adui akaanguka, nataka kujua nguvu hiyo imetoka wapi, imempunguzia nini, na mbona jana haikumfaa. Mwandishi asiponijibu, vita vyake hunichosha, maana najua kila mambo yakimzidi atazua muujiza mwingine. Mwandishi wa riwaya Brandon Sanderson alilieleza hili katika insha yake ya mwaka 2007: uwezo wa mwandishi wa kutatua mgogoro kwa uchawi unategemea jinsi msomaji anavyouelewa uchawi huo. Nimevipanga vitabu hivi kwa kipimo hicho, nikaongeza swali la mfukoni: hadithi imekamilika, au utalipia safari isiyo na mwisho? Vyote viliandikwa kwa Kiingereza.

Nafasi ya kwanza naipa Mistborn: The Final Empire (2006), cha Sanderson mwenyewe. Humo mtu humeza chembe za metali, kisha huziunguza tumboni ili apate uwezo. Chuma huvuta vitu vya metali, feleji huvisukuma, bati hunoa macho na masikio, zinki huchochea hisia za watu. Wengi wenye kipaji hiki humudu metali moja tu. Wachache sana huzimudu zote, na mmoja wao ni Vin, msichana aliyekulia katika genge la wezi. Akitaka kuruka, Vin hudondosha sarafu na kuisukuma. Sarafu imeshagota ardhini, haina pa kwenda, basi ni yeye anayepaa. Akisukuma kitu kizito kuliko mwili wake, yeye ndiye anayerushwa nyuma. Na metali ikimwishia tumboni, hana ujanja hata kama adui yuko mlangoni. Aliyesoma fizikia ya sekondari atazitambua kanuni hizi papo hapo, na raha yake ni kwamba tunazijua moja baada ya nyingine, kadiri Vin mwenyewe anavyofundishwa. Vitabu vitatu vya mwanzo vinafunga hadithi kabisa. Angalia tu usiuziwe The Alloy of Law ukidhani ndio mwanzo. Hicho kinasimulia mambo ya karne kadhaa baadaye.

Cha pili ni The Fifth Season (2015) cha N. K. Jemisin, na kwa uzito wa hisia hakuna kinachokifikia hapa. Kuna watu wanaozaliwa na uwezo wa kutuliza matetemeko ya ardhi au kuyaamsha. Nguvu wanaitoa ardhini, na wanaweza pia kuivuta kutoka kwenye joto la vitu vilivyo karibu nao, viumbe hai wakiwemo, hadi kila kitu kigande barafu. Mtoto aliyetishwa uwanjani anaweza kumuua mwenzake bila kukusudia. Ndiyo maana jamii inayowategemea isiporomoke ndiyo hiyo hiyo inayowafunga na kuwadhalilisha. Siasa yote ya kitabu inachipuka kwenye kanuni za uchawi wenyewe. Kwa sisi tunaoishi kando ya Bonde la Ufa, tunaouona Longonot tukishuka kuelekea Mai Mahiu, ardhi inayojongea si hekaya ya mbali. Vitabu vyote vitatu vya mfululizo huu vilishinda tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa hadithi za uchawi na za kisayansi, 2016, 2017 na 2018 mtawalia. Kurasa za mwanzo zinadai subira, na kuna kifo cha mtoto mapema sana, kwa hiyo usimnunulie mwanafunzi wa msingi.

Huyo mnunulie Akata Witch (2011) cha Nnedi Okorafor, ninachokiweka nafasi ya tatu. Sunny anaishi Aba, Nigeria, na katika jamii ya siri anayojiunga nayo, fedha hudondoka kutoka hewani mtu anapojifunza jambo jipya. Elimu ndiyo mshahara! Kitabu hiki kiliwahi kuchapishwa pia kwa jina la What Sunny Saw in the Flames, hivyo usinunue vyote viwili ukidhani ni hadithi mbili.

Cha nne, Babel (2022) cha R. F. Kuang: vipande vya madini ya fedha vinavyopata nguvu kutokana na maana inayopotea katika tafsiri, huko Oxford ya miaka ya 1830. Ni kitabu kimoja kinachojitosheleza, na hilo ni nafuu kwa mfuko.

A Wizard of Earthsea (1968) cha Ursula K. Le Guin nimekiweka cha tano kwa sababu tu kanuni zake ni chache. Kwa uzuri wa sentensi kingeongoza. Ni kifupi pia.

Kuhusu pa kununulia, anza na Text Book Centre pale Sarit, Prestige kwenye Mama Ngina Street, au Nuria kwenye Moi Avenue, na upige simu kwanza, maana juzuu za kati huadimika. Kwa wauza mitumba wa katikati ya jiji, fungua kitabu kabla ya kutoa pesa. Wino uliofifia, maandishi yaliyopinda na jalada lenye picha ya ukungu ni dalili za nakala ya wizi, na nakala hizo hukosa kurasa. Chapa halali iliyochakaa ina faida kuliko nakala ya wizi inayong'aa.

Cha mwisho, The Name of the Wind (2007) cha Patrick Rothfuss. Uchawi wake ni wa hali ya juu: unaunganisha vitu viwili kwa akili, ukisogeza kimoja kingine kinafuata, na nguvu inayopotea njiani unaweza kuilipa kwa joto la damu yako. Lakini kitabu cha pili kilitoka 2011 na wasomaji bado wanakisubiri cha tatu. Kinunue cha mitumba, baada ya hivyo vingine.