Uzoefu wangu: Hilux ya 1994 kutoka Unguja hadi Mbeya

Hilux hii, kabini moja, injini ya dizeli ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu), nnayo mwaka wa tisa sasa. Kazi zake mnazijua: mchanga, majani ya ng'ombe, nazi kutoka Donge, na siku ya harusi kubeba masufuria. Haijawahi kunilaza njiani hata usiku mmoja. Kwa hiyo dada yangu aliyeolewa Mbeya aliponambia mara ya tatu, "Nyinyi mnangoja nife ndo mje," nikamjibu nakuja, na gari yangu naja nayo. Shemegi yangu, ambaye ndiye niliyesafiri naye, akacheka. Fundi wangu wa Mwanakwerekwe hakucheka, na hapo ndipo wasiwasi uliponiingia.

Aliniuliza suala moja tu. "Sheikh, tangu uwe nayo, gari hii ishawahi kwenda saa tatu bila ya kuzimwa?"

Nikafikiri. Kisiwa chetu chote kina urefu wa kilomita 85 hivi. Ukitoka mjini, hujamaliza hata kanda ya taarabu umeshafika Nungwi. Kilima cha maana ni Masingini, nacho unakipanda na gia ya tatu huku unazungumza. Kutoka Dar hadi Mbeya ni kilomita 830 na kidogo, na huko mbele kuna Kitonga, mlima mkali wenye kona.

"Basi hujui kama nzima," akanambia.

Tulichukua miezi miwili, Ijumaa baada ya sala na siku za mapumziko. Tulianza na rejeta. Miaka yote nimeitia maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Ilipofunguliwa, nusu ya mirija imeziba kwa magaga meupe kama ya birika kongwe. Kwa safari za kwenda Darajani na kurudi ilikuwa inatosha, injini haipati hata muda wa kulalamika. Tukaisafisha, tukatia kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, na maji ya kisima nikayapiga marufuku.

Tairi zikanipa darasa jengine. Meno yake mazima kabisa, nikajiona tajiri. Fundi akainama, akanionyesha tarakimu nne ubavuni: 1412. Maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2012. Gari za kisiwani hazendi masafa, meno hayaishi, lakini mpira unazeeka kwa jua hivyo hivyo. Ukiukunja kwa kidole unaona nyufa. Nikanunua nne mpya, na iliyo bora katika zile kongwe ikawa ya spea. Ukisoma hapa ukaacha kila kitu changu, basi leo nenda kasome tarakimu za tairi zako.

Kutu sina haja ya kuieleza kwa watu wa pwani. Fundi aliipiga chasisi kwa spana mwanzo hadi mwisho akiisikiliza, na nyuma ya springi ya kushoto spana ikaingia ndani. Pakachomelewa bati nene pande mbili. Mkanda wa taimingi pia tulibadilisha, kwa sababu injini hii ukikatika tu, valvu zinagonga pistoni, na huko porini nani atakusaidia. Nikabadilisha na hosi paipu ya juu ya rejeta, kutoka duka moja la spea mjini ambalo jina lake nalihifadhi. Fundi akanambia ile ya zamani nisiitupe. Nikaitia nyuma ya kiti.

Kitu kimoja tu nilimkatalia. Alitaka kupima hita plagi, zile za kuipasha injini joto kabla ya kuwaka. Nikamwambia za nini, gari inawaka kwa mguso mmoja kila asubuhi.

Bandarini Malindi tuliingia na kibali na bima mkononi, gari ikafungwa melini, tukavuka. Trafiki wa bara namba yetu ya Z, ya Zanzibar, wanaiona mbali, wakanisimamisha mara nyingi, lakini karatasi zilikuwa kamili na kila mara tulimaliza kwa salamu. Kwenye vibao vya 50 nenda 50 kweli. Tochi za kupimia mwendo ziko kila kijiji, na askari anakaa kivulini usikomuona.

Morogoro, hata kilomita 200 hatujafika, ile hosi mpya ikavimba kama puto. Imetengenezwa na nini, Mungu anajua. Tukaegesha, tukangoja ipoe, tukarudisha ya zamani. Ndiyo iliyotufikisha Mbeya na kuturudisha, na mpaka leo imo.

Mikumi nilipita polepole kwa hamu na kwa hofu: barabara kuu inakata katikati ya hifadhi, na kuna bango la faini kwa kila mnyama utakayemgonga. Shemegi aliona twiga akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Mibuyu ya Ruaha Mbuyuni nayo ni msitu mzima, mtu wa kisiwani huzoea kuuona mmoja mmoja na hadithi zake za mashetani.

Kitonga tulipanda na gia ya pili nyuma ya malori, jicho langu liko kwenye mshale wa joto tu. Ulipanda, ukasimama kidogo juu ya nusu, ukakaa hapo hapo. Ile rejeta ya zamani tusingemaliza kona mbili. Baada ya Iringa gari ikaanza kutoa moshi mweusi na nguvu kupungua, nikadhani imekufa. Kumbe ni hewa: injini haina tabo ya kuisukumia hewa, na juu huko hewa nyepesi, dizeli haipati pumzi ya kuungulia. Ukikanyaga kidogo zaidi unaongeza moshi tu.

Tukalala Mafinga, mwezi wa saba. Asubuhi baridi ile sijapata kuiona, mvuke unatoka mdomoni. Nikapiga ufunguo. Ngoma inazunguka, haiwaki. Hita plagi nne zote zimekufa, pengine tangu kabla sijainunua, na kwa joto letu injini haikuwahi kuzihitaji. Dereva mmoja wa lori akatusaidia kuisukuma mteremkoni, ikawaka mara ya tatu kwa moshi mweupe uliofunika gesti nzima. Fundi nilimpigia simu. Alicheka safari hii.

Kwenda tulitumia lita 92, mwendo wa 80. Kwa mzigo wa nazi tuliobeba, sina lawama. Kiti ndicho kibaya: ubao tu, siku ya pili mgongo haukuwa wangu. Wakati wa kurudi, breki zilishuka Kitonga vizuri kwa sababu nilishuka na gia ile ile niliyopandia, kama nilivyofundishwa.

Makambako, kwa baridi, shemegi alifungua hita ya ndani ambayo nahisi haijawahi kuguswa tangu gari iletwe kisiwani. Ikatupulizia usoni mchanga mweupe wa ufukweni, wa miaka yote hiyo. Tuliendelea hivyo hivyo hadi Uyole, mlangoni mwa Mbeya, macho tumefumba nusu, maana joto lilikuwa tamu.

Hita plagi mpya nimeshatia. Bushi za springi zimo nyuma ya kiti, zinamngoja fundi Ijumaa.