Betri ya sola kwa nyumba za Mtwara na Lindi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Korosho zikishauzwa mnadani na malipo yakaingia, mafundi sola wa huku kusini hawashikiki. Nyumba nyingi tayari zina paneli juu ya bati, na mchana feni na jokofu vinakwenda kwa jua. Magharibi ikiingia, kila kitu kinarudi kwenye LUKU, na umeme ukikatika, kwenye tochi ya simu. Kinachokosekana ni betri, na hapo ndipo watu wanapoliwa pesa.

Kabla ya kuuliza bei, hesabu matumizi yako ya usiku. Kwangu hapa Mikindani ni taa tano za wati 9 kwa saa tano, feni ya wati 50 kwa saa nane, televisheni ya wati 60 kwa saa nne, na jokofu dogo linalokula kama nusu uniti hadi alfajiri. Inafika karibu uniti 1.4, uniti zilezile za LUKU. Inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, nayo inachukua chake, kwa hiyo nahesabu 1.6. Ukitaka kujua betri ina uniti ngapi, zidisha volti kwa Ah (ampea-saa, namba iliyoandikwa kwenye betri) halafu gawanya kwa 1,000.

Nafasi ya kwanza naipa lithiamu, na hapa nazungumzia ile iliyoandikwa LiFePO4. Ya volti 25.6 na Ah 100 ina uniti 2.56, na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza, yaani uniti mbili na ushee. Usiku wangu unatosha humo. Watengenezaji wengi huandika mizunguko 3,000 hadi 6,000, mzunguko mmoja ukiwa ni kuijaza na kuitumia mara moja. Ukishika 3,000 tu, hiyo ni zaidi ya miaka minane ya kuitumia kila usiku.

Lakini kilichonishawishi mimi ni mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili mawingu yanaweza kukaa siku tatu mfululizo na betri isijae. Betri ya risasi ikilala na chaji pungufu, salfeti inaganda kwenye sahani zake na nguvu hazirudi tena zote. Lithiamu haidhuriki kwa kutojaa. Halafu kuna joto: betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na chumba chenye bati bila dari hapa pwani kinazidi nyuzi 30 kwa urahisi. Lithiamu nayo haipendi joto, ila inalistahimili vizuri zaidi.

Bei yake ya kununulia ni kubwa, sifichi. Ndiyo maana nasema gawanya bei kwa idadi ya usiku itakaokutumikia, usiishie kwenye namba ya dukani. Hakikisha pia inverta au chaji kontrola yako (kifaa kinachosimamia chaji ya betri kutoka kwenye paneli) ina mpangilio wa lithiamu. Kama haina, ongeza gharama ya kuibadilisha kwenye hesabu yako mapema.

Nafasi ya pili ni jeli, ambayo ni betri ya risasi iliyofungwa. Haihitaji kuongezwa maji na inverta nyingi za zamani zinaielewa. Tatizo ni kwamba usiishushe chini ya nusu. Ya volti 12 na Ah 200 ina uniti 2.4 kwa karatasi, lakini yako ni 1.2 tu, kwa hiyo usiku kama wangu unataka mbili, na kila moja ina uzito wa kilo 60 hivi. Kwa ndugu zetu wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde ambako kuna ubaridi, ningeifikiria zaidi kuliko kwa mtu wa Lindi mjini.

Betri ndefu za maji, zile za inverta, nazo ni za risasi, na ni za tatu. Zinavumilia kazi, lakini zinataka mtu wa kukagua maji kila mwezi, na zinatoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo chumbani haziingii kabisa.

Betri ya gari usinunue. Mimi nilinunua N70 mbili kwa sababu ya bei, na hazikufika msimu wa pili wa korosho. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kusukuma feni hadi alfajiri. Niliumia sana, maana ile pesa ilikuwa ya ada. Betri za mtumba nazo ziko hapahapa, hata zikivikwa boksi jipya.

Ukienda kununua lithiamu, omba ijaribiwe mbele yako ikiwa imejaa. Unganisha jiko la koili la wati 1,000 kwenye inverta inayolimudu. Hiyo ya Ah 100 inapaswa kulibeba kwa karibu saa mbili. Ikizima baada ya dakika 40, iache. Waranti iwe ya mtu unayeweza kumfikia: Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, mzigo wa kurudisha Kariakoo ungekaa nyumbani tu.

Siku ya kufunga, fundi aweke fyuzi ya DC karibu na betri, apake grisi kwenye terminali, pale nyaya zinapofungwa kwenye betri, kwa ajili ya chumvi ya bahari, na aiweke upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana.