Liqui Moly Engine Flush ya ml 300: gari lipi linaihitaji, lipi haliihitaji

Liqui Moly Engine Flush ni kopo la dawa ya kuosha injini kwa ndani, ambayo mafundi huiita flashi. Gari linalobadilishwa oili kwa wakati, kwa oili ya daraja la API SN au SP (alama ya ubora inayoandikwa kwenye galoni) na filta mpya kila sevisi, halihitaji kopo hili. Oili ya daraja hilo imetiwa tangu kiwandani kemikali za kusafisha na za kubeba uchafu. Ndiyo maana hugeuka hudhurungi baada ya kilomita mia chache tu, na wenye magari wakadhani imeharibika, kumbe inafanya kazi yake. Kwa hiyo fundi akikuuliza, "Bosi, tuweke na flashi?", jibu kwa magari mengi ni hapana. Ongeza fedha hiyo kwenye oili bora au filta halisi.

Yapo lakini magari ambayo kopo hili linayafaa, na yapo ambayo linaweza kuyaua.

Kwanza lijue. Ujazo ni ml 300, kwa injini inayobeba hadi lita 5 za oili. Ndani mna mafuta mepesi yatokanayo na petroliamu, yaliyochanganywa na kemikali za kusafisha. Humiminwa kwenye oili ya zamani injini ikiwa imeshapata moto, injini ikaachwa iungurume dakika 5 hadi 10 gari likiwa limesimama, kisha oili inamwagwa na filta inabadilishwa. Hakuna kuendesha, hakuna kukanyaga mafuta.

Sababu ya masharti hayo iko kwenye hesabu. Chukua injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya Probox, IST na Premio ya cc 1,500. Inabeba lita 3.7 za oili pamoja na filta. Ukiongeza ml 300 unapata lita 4, na asilimia 7.5 ya mchanganyiko huo si oili tena. Oili inakuwa nyepesi, presha inashuka, na utando unaotenganisha vyuma unapungua unene. Injini isiyobeba mzigo inavumilia hilo kwa dakika chache. Ukipanda nayo mlima, beringi za krenki ndizo zitakazolipa. Na kama taa ya oili humweta injini ikiwa ya moto, usitie flashi kabisa. Pima presha kwa geji kwanza.

Hesabu hiyohiyo inaondoa hofu nyingine, kwamba flashi inayobaki ndani itaharibu oili mpya. Injini hii ikiwa kavu hujazwa lita 4.1, kwa hiyo ukimwaga oili na kutoa filta, karibu lita 0.4 hubaki kwenye njia za ndani. Asilimia 7.5 ya hapo ni ml 30. Ndani ya oili mpya haifiki hata asilimia 1. Hilo lisikunyime usingizi.

Linalopaswa kukunyima usingizi ni tope. Oili iliyokaa muda mrefu, ikapata joto kali, mvuke wa maji na petroli isiyoungua, huganda polepole. Safari fupi fupi huharakisha, na valvu ya PCV, ile inayotoa mvuke ndani ya injini, ikiziba huharakisha zaidi kwa sababu mvuke unakosa pa kutokea. Toyota yenyewe iliwahi kutangaza mpango wa kuwasaidia wateja wa Marekani, mwaka 2002, kwa ajili ya oili kuganda kwenye injini za miaka ya 1997 hadi 2002, zikiwemo 5S-FE na 1MZ-FE. Na gari lililotoka Japani kwa mnada mara nyingi linafika bila daftari la sevisi, kwa hiyo ulichonunua hukijui mpaka ukichungulie.

Basi chungulia. Fungua kifuniko cha kujazia oili na umulike kwa tochi; ikiwezekana fungua tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) nzima. Ukiona vyuma vina rangi ya chai, hiyo ni hali ya kawaida. Ukiona utando mwembamba mweusi unaofutika kwa kidole, hapo ndipo kopo hili lina kazi. Ukiona tope zito kama jeli, au magamba makavu yanayobanduka kwa bisibisi, weka kopo chini. Na ukiona ute mweupe kama maziwa, hayo ni maji: ama ya safari fupi, ama ya gaskiti ya silinda hedi. Flashi haitibu lolote kati ya hayo.

Kwa nini tope zito ni hatari? Kwa sababu flashi haiyeyushi yote ndani ya dakika 10. Inalegeza. Vipande vinaangukia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na pampu inavivuta hadi kwenye chujio lake la wavu lililo chini kabisa, kabla ya filta unayobadilisha. Chujio likiziba, pampu inakosa oili. Mara nyingi hali hiyo haijitokezi siku ileile. Taa huwaka siku kadhaa baadaye, gari likiwa barabarani, na injini inaanza kugonga. Injini ya aina hiyo ifunguliwe sampu, chujio lioshwe kwa mkono, tope likwanguliwe, kisha ibadilishwe oili na filta kila kilomita 2,000 hadi 2,500 kwa mara mbili au tatu. Ni kazi ya gharama, ila haifikii bei ya injini nyingine.

Usilinunue kopo hili kwa kutegemea litaondoa kelele za valvu bila kujua injini yako. 1NZ-FE haina tapeti za haidroliki, zile zinazojirekebisha zenyewe kwa presha ya oili. Ikigonga juu, pima nafasi za valvu ikiwa baridi: mm 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa, mm 0.25 hadi 0.35 upande wa moshi. Injini za Toyota 1ZR-FE na 2ZR-FE zina vidhibiti vya haidroliki, na hapo utando mweusi ukisafishwa kelele inaweza kupungua. Ringi za oili zilizonata nazo hulegea kidogo tu, zilizokwisha hazirudi.

Pikipiki ambayo klachi yake inaogelea kwenye oili ya injini isitiwe flashi ya gari. Vilevile injini zenye mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili, kama Ford EcoBoost ya lita 1.0 na PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën: mpira huo hauhitaji kiyeyushi. Gari la zamani lenye oili sili zilizokakamaa linaweza kuanza kuvuja, kwa kuwa tope ndilo lililokuwa limeziba nyufa. Vitabu vya magari ya GM vinasema wazi kwamba kuosha injini kwa njia hii hakushauriwi, na madhara yake hayalipwi na warantii.

Kutia mafuta ya taa badala ya kopo, kama gereji nyingine zinavyofanya ili kupunguza bei, ni kosa. Yanaondoa utando wa oili kama flashi, lakini hayana kemikali za kubeba uchafu, na kipimo ni cha kukadiria tu.

Ukiamua kutumia, anza na kiwango cha oili. Kikiwa kimefika alama ya juu ya kijiti, punguza kidogo kwanza ili ml 300 zisizidishe. Zima injini baada ya dakika 10, mwaga ikiwa ya moto, na uiache ichuruzike mpaka iwe matone. Weka washa (pete ya kuzuia kuvuja) mpya kwenye nati ya kumwagia, na filta mpya. Usishangae oili ikitoka nyeusi na nyepesi kama maji. Ingekuwa nyeusi hata bila kopo, na wepesi ni wa flashi yenyewe. Weka oili mpya, washa, hakikisha taa imezima ndani ya sekunde chache, zima, subiri dakika 5, pima kijiti. Baada ya kilomita 1,000 badilisha filta peke yake, ikate kwa msumeno na uikunjue karatasi yake: ukikuta magamba meusi, fungua sampu.