Kisu cha fundi mwenye jina, kimetoka kiwandani: kipi uchukue kwanza na kipi uachane nacho

Ukianza kutafuta kisu cha kukunja cha mfukoni utaona kampuni nyingi zinaweka jina la mtu pembeni ya jina lao. Benchmade afu Osborne, Kershaw afu Onion, CRKT afu Carson. Hayo ni majina ya mafundi visu, watu wanaotengeneza kisu kimoja kimoja kwenye karakana zao, foleni ya oda ni ndefu na bei zao zinakatisha tamaa, sasa kiwanda kinamfuata fundi kinamwambia tupe mchoro wako tuutoe kwa maelfu, jina lako tutaliweka na kila kisu kikiuzwa unakula mrabaha. Ndo leseni yenyewe hiyo. Spyderco wa Golden, Colorado ndo wanatajwa sana kwenye kufungua hii njia, mwaka 1990 walitoa C15 ambayo dizaini yake ilikuwa ya Bob Terzuola, na siku hizi karibu kila kiwanda kinachojielewa kina kolabo zake.

Kwahiyo unaponunua kisu cha namna hii jua unanunua kichwa cha fundi, mikono yake hununui. Hajakigusa. Mi napanga hivi visu kwa swali moja tu, kile kitu kilichompa fundi jina kimo ndani ya kisu au limebaki jina tu lililochapwa kwenye bapa?

Namba moja: Benchmade 940 Osborne

Hiki hata ukiniamsha usiku nakutajia. Mchoro ni wa Warren Osborne, kilitoka 2000, na mpaka leo kinauzwa, na kwenye biashara ya visu ambapo modeli nyingi zinapotea haraka hiyo peke yake inaongea. Mpini ni wa alumini ya kijani, vipande vya katikati mgongoni ni zambarau, rangi ambazo kwenye karatasi ungesema haziendani ila ukiziona unanyamaza. Bapa lina kama sm 8.6, limenyooka karibu lote halafu mgongo unashuka ghafla kwenye ncha, kwahiyo ncha inabaki na nyama, haivunjiki kirahisi kama zile zilizochongoka sana, na ule unyoofu unafanya kukata boksi au kamba kuwe kazi ya mara moja. Kisu chote kina gramu 82 hivi na ni chembamba, mfukoni unakisahau.

Ila kinachonifanya nikiweke juu ni kwamba ndani yake kuna leseni mbili. Umbo ni la Osborne, loki, yani kile kinachoshika bapa lisijikunje ukiwa unakata, ni ya watu wengine kabisa, Bill McHenry na Jason Williams, ndo waliobuni AXIS ambayo Benchmade waliitoa mara ya kwanza kwenye modeli 710 mwaka 1998. Inafanya kazi hivi: kuna kijiti cha chuma kinapita kutoka upande mmoja wa mpini mpaka wa pili, vispringi viwili vyembamba vinakisukuma mbele kikae juu ya kisigino cha bapa, yani ile sehemu ya bapa iliyo ndani ya mpini. Ukitaka kufunga unavuta kile kijiti nyuma kwa dole gumba na kidole cha shahada, bapa linalegea na kudondoka lenyewe, na muda wote huo hakuna kidole kilichopita mbele ya makali. Wa mkono wa kushoto na wa kulia wote wanakitumia sawa. Wazo hilo halikupungua chochote lilipoingia kiwandani, tena bora lilivyoingia kwa sababu mashine zinatoboa matundu ya vispringi sawasawa kila mara. Hati miliki yake ilishaisha muda, ndo maana sa hivi unaona loki za aina hiyo kwa kila kampuni zikiwa na majina mengine.

Bei yake sio ya mtu anayetaka kisu cha kufungulia vifurushi tu, hapo nakubali. Kama inakuuma chukua Griptilian ya hao hao Benchmade, mchoro wa Mel Pardue, loki ni ile ile, mpini ni nailoni yenye nyuzi za kioo. Ukiushika unaona kama uko mtupu ndani, wengi wanaulalamikia, lakini kazi unafanya.

Namba mbili: Kershaw Leek

Kwa watu wengi wanaosoma hapa nadhani hiki ndo mtanunua, na hamtajuta. Ken Onion ni fundi wa Hawaii, ndo mwenye SpeedSafe, ule mfumo ambao ukianza kusukuma bapa kidogo kispringi kinadaka na kulimalizia. Leek ina bapa la sm 7.6, chuma cha 14C28N ambacho kinakubali kunolewa kirahisi na hakishiki kutu ovyo, mwili mzima ni chuma cha pua, chembamba, kinaingia hata mfuko wa shati.

Ncha sasa. Ncha ya Leek ni nyembamba sana aisee, imechongoka kama sindano, kwa kutoa mwiba au kukata lebo hakuna mfano wake ila ukiitumia kubandulia mfuniko wa kopo la rangi utaenda nyumbani na kisu kifupi. Fundi aliichora hivyo makusudi na kiwanda kikaiheshimu, usije ukasema ni ubovu. Alafu kwenye mpini, kule ncha inapolala kisu kikifungwa, kuna kitufe cha kusogeza kinachozuia bapa lisijifungue mfukoni, kitumie.

Angalizo la sheria hapo hapo, visu vya springi vinabanwa nchi nyingi na hata loki yenyewe inaweza kuwa shida. Mfano Uingereza kisu unachoruhusiwa kutembea nacho bila sababu ni cha kukunja kisicho na loki na makali yasizidi inchi 3, yani visu vyote nilivyotaja mpaka sasa vimeshatoka. Soma sheria ya unapoishi kabla hujasoma mimi.

Namba tatu: CRKT M16 au Pilar

CRKT wa Oregon, wapo tangu 1994, na hawa kolabo ndo chakula chao, orodha yao ya mafundi ni ndefu. M16 ni ya Kit Carson, fundi aliyesaidia sana kufanya kile kimkia cha nyuma ya bapa, unachobonyeza kwa shahada kisu kifunguke, kiwe kitu cha kawaida duniani. Matoleo mengi ya M16 yana pia kizuizi cha ziada cha loki kinachoitwa LAWKS, na hizo herufi ndani yake yamo majina ya Lake na Walker, yani Ron Lake na Michael Walker, mafundi wengine wawili wakubwa. Kisu cha bei ya chini kina vichwa vitatu ndani! Pilar ni ya Jesper Voxnaes wa Denmark, kifupi, kinene, kinajaa mkononi kuliko unavyotegemea ukikiona picha.

Mbona namba tatu basi? Chuma. Matoleo mengi ya bei nafuu ni 8Cr13MoV, kinanoleka fasta na makali yanaisha fasta. Kama una jiwe la kunolea na huna uvivu, hiki kipande cha orodha ndo chenye thamani kuliko vyote.

Namba nne: Zero Tolerance za Hinderer, halafu Cryo mbali kidogo chini

Hapa ndo utaona mchoro mmoja ukienda viwango viwili tofauti. Rick Hinderer ana kisu chake XM-18, watu wanakisaka. Zero Tolerance, ambao ni ndugu wa Kershaw chini ya kampuni moja, KAI, walimlipa leseni wakatoa 0560 na baadae 0562, vyuma vizuri, fremu ya titani, na ile disiki ndogo iliyofungwa kwa skrubu juu ya mkono wa loki, kile kipande cha fremu kinachobana bapa, ili usiuvute nje ukapinda, ambayo ni wazo la Hinderer mwenyewe. Kazi safi. Baadhi zimeshaacha kutengenezwa kwahiyo utaangukia kwa mitumba, na ukinunua mtumba kagua kama loki inakaa vizuri kwenye kisigino na kama bapa linatikisika ukilibana kwa vidole.

Sasa Kershaw hao hao wakatoa Cryo kwa jina la Hinderer huyo huyo. Disiki ipo, umbo lipo, ila mwili ni chuma kitupu, gramu kama 116 kwa bapa la sm 7 tu. Linganisha na 940 hapo juu, bapa refu zaidi na uzito mdogo zaidi. Umbo ulilozoea kuliona kwenye titani ukilimwaga kwenye chuma linakuwa zigo mfukoni. Jina lipo, raha haipo.

Namba tano: Boker Plus Kwaiken

Mchoro ni wa Lucas Burnley. Kizuri kupita kiasi, kirefu, chembamba, mstari mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Kinafunguka laini kwenye beringi. Lakini hakina kizuizi cha vidole na ukisukuma kwa nguvu mkono ukiwa umelowa roho inakudunda. Cha kufungulia barua na kujidai nacho, sawa.

Kabla hujalipa, mambo machache. Jina la fundi au nembo yake iwepo kwenye bapa au kwenye ukurasa wa modeli wa kampuni, na yeye mwenyewe awe anaitaja hiyo kazi, maana feki za XM-18 na za Sebenza, kisu cha Chris Reeve, zimejaa na kwenye feki hakuna fundi anayelipwa hata senti. Angalia kimetengenezwa wapi, Spyderco kwa mfano wanaandika kwenye bapa lenyewe, Golden ya Marekani, Seki City ya Japani, Taichung ya Taiwan au Maniago ya Italia, na ile ya Taichung isikutishe, kazi yao ni nzuri balaa. Waranti ni ya kiwanda, usimsumbue fundi na kisu ambacho hakukitengeneza. Na ukisikia muuzaji anasema midtech, hiyo ni kitu kingine, vipande vinakatwa nje kwa mashine halafu fundi anamalizia na kuunganisha mwenyewe, bei inapanda mara kadhaa, kwahiyo muulize kabisa ni hatua zipi fundi alizifanya kwa mkono wake, na akianza kuzunguka zunguka rudi kwenye namba moja.