Rangi nilipaka mwenyewe, bafu nikampa fundi: uzoefu wangu

Kabla sijaanza ukarabati, karibu kila niliyemuuliza alinijibu kwa kuangalia mfuko tu: fanya mwenyewe uokoe pesa, au ita fundi upumzike. Sasa kazi imekwisha. Sebule na vyumba vya kulala nimepaka rangi kwa mikono yangu, bafu limefanywa na fundi, na naona pesa ilistahili kuwa swali la pili. La kwanza ni hili: kazi ikiharibika, utaiona? Rangi ikiharibika inaonekana palepale, unaipiga msasa na kuirudia. Bomba linalovuja nyuma ya vigae halionekani mpaka ukuta wa chumba cha pili uanze kutoka madoa, na hapo huna njia ila kuvunja. Nikagawa kazi kwa kipimo hicho. Inayobaki wazi nikaichukua mimi, inayofunikwa nikampa mwenye ujuzi, tena kwa masharti.

Kwenye rangi, mtu asiye fundi anaweza kabisa kufikia kiwango cha fundi, kwa sababu ana kitu ambacho fundi hana, yaani muda. Fundi anawaza kazi inayofuata. Wewe hukimbizwi na mtu, na rangi inataka uvumilivu, hasa kwenye kuandaa ukuta. Ukuta wangu wa sebule ulikuwa na ile rangi ya mafuta inayong'aa, na rangi ya maji ikipakwa juu yake hivihivi hubanduka. Kujua ukuta una rangi gani si kazi ngumu: lowanisha pamba kwa spiriti, sugua sehemu ndogo iliyojificha. Pamba ikitoka na rangi, hiyo ni ya maji. Ikitoka safi, ni ya mafuta, na hiyo lazima uipige msasa mpaka mng'ao uishe, ufute vumbi, upake praima, ndipo rangi ya maji ishike. Nilianza na msasa namba 120 na kumalizia na 220 pale nilipoziba nyufa kwa puti. Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni taa ya mkononi: ukiilaza ubavuni mwa ukuta, kila kibonde na kila mwinuko hutoa kivuli, hata vile ambavyo mwanga wa dirishani hauonyeshi.

Tahadhari moja ambayo sitaki mtu aipite haraka. Nyumba ikiwa ya zamani, usipige msasa kabla rangi haijapimwa kama ina madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, na kwingine ilibaki madukani miaka mingi baada ya hapo. Vumbi lake ni sumu, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Nyumba yenye rangi hiyo mimi nisingeigusa, ningewaachia watu wenye vifaa vya kuiondoa.

Kwa hesabu, lita moja ya rangi ya maji hupaka kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kama ukuta ni laini. Ukuta unaofyonza unakula zaidi. Pima urefu wa kuta zote, zidisha kwa kimo, toa milango na madirisha, kisha zidisha kwa mikono miwili na ugawanye kwa 10 upate lita. Dari ilinichosha shingo na bega, lakini nayo ilitoka vizuri. Naipenda kazi ile mpaka leo.

Bafu ni habari nyingine, na hapo nataka kusema mengi.

Fundi wa kwanza niliyemwita alisimama mlangoni, akatazama ndani, akataja jumla. Nilipomwomba atenganishe bei ya vifaa na ya ufundi, akasema, "Bosi, hiyo niachie mimi." Nikamuuliza atazuia vipi maji yasipenye chini ya vigae. Akanijibu kwamba vigae vyenyewe ndivyo vinavyozuia. Nikamshukuru, tukaachana kwa amani. Kigae chenyewe kweli hakipitishi maji kirahisi, ila grauti ya saruji iliyo katikati ya vigae inapitisha, na maji yakishapenya hukaa kwenye zege na kutafuta njia ya kutokea. Mtu asiyejua hilo atakuachia bafu linalopendeza na tatizo lililozikwa chini yake.

Wa pili alikuja na futi na pima maji. Hakutaja bei siku ile. Aliuliza maji machafu yanatokea wapi, akaenda kufungua chemba akatazama, akagonga sakafu, akauliza upande wa pili wa ukuta kuna nini. Kisha akaandika orodha: kubomoa, mabomba, sakafu, kizuia maji, vigae, kila kimoja na bei yake. Huyo ndiye niliyemchagua, ingawa hakuwa wa bei ya chini.

Ufundi wake niliuona kwenye sakafu kabla hajagusa kigae hata kimoja. Sakafu ya bafu inatakiwa ishuke kuelekea kwenye tundu la maji, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Ikishuka pungufu ya hapo maji yanatuama, ikizidi sana unahisi unasimama mlimani. Alifunga kamba kutoka kila kona, akapima, akasawazisha, na zege lilipokauka akamwaga maji kidogo pembeni tukayafuata kwa macho mpaka yakaingia tunduni. Baada ya hapo akapaka kizuia maji mikono miwili, wa pili ukikatisha ule wa kwanza, akapandisha ukutani na kulaza utepe wa kitambaa kwenye kona zote. Kona ndizo hupasuka mwanzo, kwa kuwa sakafu na ukuta haviendi pamoja nyumba inapojongea.

Kisha likaja sharti nililoandika kwenye makubaliano yetu: aliziba tundu, akajaza maji kina cha vidole viwili, akachora mstari wa penseli ukutani usawa wa maji. Tukayaacha saa 24. Kesho yake maji yalikuwa yamegusa mstari uleule na ukuta wa upande wa pili ulikuwa mkavu. Hapo ndipo nikamlipa sehemu ya pili ya pesa na vigae vikaanza. Mabomba nayo yalijazwa maji kwa shinikizo kabla ya kufunikwa kwa lipu, nami nikayapiga picha yote huku futi ikionekana kwenye picha. Leo nikitaka kutoboa ukuta kutundika kioo, najua bomba limepita wapi.

Sitaficha yaliyoniudhi. Asubuhi nyingi alichelewa bila taarifa, na simu haikupokelewa. Saidia fundi wake alikuwa na haraka: alitandaza gundi eneo kubwa ukutani, ikaanza kukauka juu kabla vigae havijawekwa. Ukigonga kigae kwa sarafu utasikia tofauti, kilichoshika vizuri kinatoa mlio mzito, chenye uvungu kinalia kama kikombe kitupu. Sehemu moja ya ukuta ililia hivyo. Fundi alinung'unika kidogo, kisha akachukua sarafu akagonga mwenyewe, akakubali, akavitoa na kuvipanga upya bila kudai nyongeza. Lakini alipoondoka aliacha ukungu wa grauti juu ya vigae, na kuusafisha kukaniangukia mimi.

Umeme wa hita alinambia nisimpe yeye, nimwite fundi umeme mwenye leseni. Nilimheshimu kwa hilo. Aliyekuja aliweka kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachozima chenyewe umeme unapovuja, akanionyesha kitufe cha kukijaribu. Maji na umeme kwenye chumba kimoja ni kazi ambayo nisingeijifunzia kwa video hata kama ningekuwa na mwaka mzima. Vilevile nilipomdokeza yule fundi wa bafu habari ya kubomoa ukuta kati ya jiko na sebule, alitazama juu, akaonyesha boriti iliyolala pale, akasema: "Hii si kazi yangu wala yako. Mtafute mhandisi kwanza." Fundi anayekataa pesa kwa sababu hiyo ana thamani kubwa.

Kwa upande wa matumizi, kwenye rangi niliokoa malipo ya ufundi tu. Vifaa ni vilevile akinunua fundi au mimi, na juu yake nilinunua ngazi, rola na misasa. Kwenye bafu nilitenga asilimia 15 ya ziada kwa yasiyotarajiwa, na karibu yote iliisha, kwa sababu bomba la zamani la maji taka lilikutwa limepasuka vigae vilipobomolewa. Sehemu ya mwisho ya malipo nilikuwa nimekubaliana naye niishike mpaka bafu litumike wiki nzima. Alikubali bila ubishi.

Kwa ufundi nampa nyota 5, kwa kutunza muda 3. Jiko linafuata: milango ya kabati nitaipiga msasa na kuipaka mwenyewe, sinki na mabomba yake nimeshamwambia aje, na safari hii saa ya kufika kazini imeandikwa kwenye karatasi pamoja na jaribio la maji.